Kabla hujanunua Hiroshige, geuza karatasi

Nakala mbili za picha moja ya Hiroshige, mchoraji wa Kijapani wa karne ya 19 ambaye picha zake zilichapwa kwa mbao zilizochongwa, zinaweza kulazwa mezani bega kwa bega, zote za kale, zote halali, zote zimetoka kwenye mbao zilezile, na bado moja ikauzwa mara kumi ya bei ya mwenzake. Mgeni wa mambo haya hudhani ni ujanja wa madalali. Hapana. Kinacholipiwa ni nakala yenyewe: ilichapwa lini katika maisha ya ubao, kwa uangalifu gani, na imetunzwaje tangu hapo. Jina la mchoraji linafuata nyuma ya hayo yote.

Sababu iko kwenye utengenezaji. Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mchoraji hakugusa ubao. Alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, akachonga mpaka mistari ikabaki imesimama na mchoro wa asili ukaishia hapohapo. Huo ndio ubao mama, wa mistari myeusi. Nakala zake za mwanzo zilitumika kuchongea mbao za rangi. Kila ubao ulichongwa alama mbili za kento, moja ya pembe na moja ya mstari ulionyooka, mchapaji apate pa kuegemeza karatasi na rangi zisihame. Mashine haikuwepo. Mchapaji alilaza karatasi yenye unyevu juu ya ubao uliopakwa rangi, akaisugua mgongoni kwa baren, kisahani bapa kilichofunikwa ganda la mwanzi. Mwenye mtaji, na mwenye kauli ya mwisho, alikuwa mchapishaji.

Mcheri ni mti mgumu, lakini nao unachoka. Mistari myembamba inakatika, kingo zinalegea, na mchapishaji aliyekwisha kurudisha fedha yake hana haja tena ya madoido yanayomla muda. Mkupuo mmoja ulihesabiwa karatasi 200, na picha iliyopendwa ilirudiwa hadi kufikia maelfu.

Chukua lile Wimbi la Hokusai, mchoraji mwingine wa zama za Hiroshige, lililotolewa na Nishimuraya Yohachi karibu na 1831. Juu kushoto kuna kisanduku cha jina la picha, kimezungushiwa mistari miwili. Katika nakala za mapema mistari hiyo ni mizima. Ubao ulivyozidi kutumika, mstari wa upande wa kushoto ulianza kukatika na mapengo yakapanuka. Angani palikuwa na wingu la rangi ya waridi, ambalo kwenye nakala nyingi limefifia hata halionekani. Mtafiti wa British Museum alizisaka nakala za kale zilizobaki duniani akapata 111. Machi 2023 moja iliuzwa New York kwa dola milioni 2.76. Wakati huohuo, kurasa zilizotolewa kwenye vitabu vya Hokusai huyohuyo bado zinanunulika kwa bei ya kawaida kabisa.

Kwa mkusanyaji wa mfuko wa kawaida, mahali pazuri zaidi pa kujifunzia jicho ni mfululizo wa mwisho wa Hiroshige, ule wa mandhari mia moja ya Edo, uliotolewa na Uoya Eikichi kati ya 1856 na 1858. Tazama kwanza kisanduku cha jina kilichoko juu kulia. Nakala za mapema mara nyingi zina rangi mbili au tatu ndani ya kisanduku, zikiyeyukiana. Za baadaye zina rangi moja iliyolala bapa. Kisha tazama mkanda wa anga na ukingo wa maji. Ile rangi inayoanza nzito na kufifia polepole huitwa bokashi, na haikuchongwa: mchapaji aliipaka na kuipangusa kwa mkono, upya kwa kila karatasi. Ndiyo maana haraka ilipoingia, bokashi ilikuwa ya kwanza kuachwa au kupunguzwa. Picha ikikosa bokashi ambayo nakala za makumbusho zinayo, bei nayo ipungue.

Mfululizo huohuo unafundisha hasara ya kukata pambizo. Muhuri wa tarehe uko kwenye pambizo ya juu, na jina la mchapishaji kwenye pambizo ya kushoto, chini. Wamiliki wengi wa zamani walikata kingo ili picha ziingie kwenye albamu, na mkasi ukaondoka na vyote viwili. Karatasi ya oban, kipimo kilichotumika zaidi, ni kama sentimita 39 kwa 26. Chuban ni kama 26 kwa 19. Tembea na rula. Ukiambiwa ni oban kamili na rula inasema 35 kwa 23, jua kuna kitu kimekatwa, au unachokitazama ni nakala ya kisasa iliyopunguzwa.

Sasa geuza karatasi. Mgongo wa chapa halisi unasema mengi kuliko uso. Kwanza, rangi imepenya: karatasi ya nyuzi za mforosadi ilitiwa gundi ya wanyama na shabu kuzuia wino usitambae, lakini msuguo wa baren bado unasukuma rangi ndani, hivyo picha inaonekana nyuma kama kivuli. Pili, kuna alama za baren zenyewe, mizunguko au mikwaruzo ya kwenda na kurudi, hasa pale penye rangi pana kama anga au kimono cheusi. Tatu, mistari ya ubao mama imezama kidogo kwenye karatasi, na kidole chepesi kinaweza kuihisi. Mgongo mweupe usio na lolote ni dalili mbaya, isipokuwa kama karatasi imebandikwa nyingine nyuma yake, jambo la kawaida sana kwa picha zilizotoka kwenye albamu. Muuzaji wa mtandaoni asiyetaka kutuma picha ya mgongo, achana naye. Sababu atakazotoa hazina kazi.

Taa nayo. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la saa kumi na mbili jioni. Hapo hutokeza vitu visivyoonekana mwanga ukitoka juu: mistari iliyochapwa bila rangi ili karatasi ipate mwinuko, unga wa ulanga unaong'aa nyuma ya sura zilizochorwa na Utamaro na Sharaku, mikunjo iliyonyooshwa, na viraka vya matundu ya wadudu vilivyopakwa rangi kwa mkono. Kiraka si dhambi. Kiraka kisichotajwa na muuzaji ndicho kesi.

Mihuri ndiyo kalenda

Serikali ya Japani ya wakati huo, ya ukoo wa Tokugawa, ilikagua picha kabla hazijachapwa, na wakaguzi waligonga mihuri iliyochongwa kwenye ubao. Kwa mkusanyaji hiyo ni zawadi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1790 hadi 1842 utaona muhuri mdogo wa duara wenye neno kiwame, yaani imeidhinishwa. Baada ya hapo, hadi karibu na 1847, kuna muhuri mmoja wenye jina la mkaguzi. Kutoka 1847 hadi 1852 mihuri ya wakaguzi ni miwili. Mwaka 1852 na sehemu kubwa ya 1853 ni miwili pamoja na muhuri wa tarehe. Kuanzia mwisho wa 1853 hadi 1857 kuna muhuri wa neno aratame, imekaguliwa, na wa tarehe pembeni yake. Mwaka 1858 ni tarehe peke yake. Kuanzia 1859 hadi 1871 aratame na tarehe vimeunganishwa ndani ya duara moja. Kuanzia 1876 hivi, pambizo inabeba maandishi marefu: tarehe, jina na anwani ya mchoraji, jina na anwani ya mchapishaji.

Tarehe yenyewe imeandikwa kwa mnyama wa mwaka na namba ya mwezi. Wanyama ni kumi na wawili, kwa hiyo mwaka wa chui milia unaweza kuwa 1854 au 1866. Hapa ndipo umbo la muhuri linapoamua. Aratame ikiwa peke yake na tarehe peke yake, ni 1854. Vikiwa ndani ya duara moja, ni 1866. Hiroshige alifariki 1858, basi picha yenye saini yake na muhuri wa 1866 ni ya mwanafunzi wake aliyerithi jina. Ni Hiroshige halali, ila si wa kwanza, na bei yake si ya wa kwanza.

Mtego mkubwa zaidi wa majina ni Toyokuni. Toyokuni wa kwanza alifariki 1825. Mwanafunzi wake Kunisada alianza kusaini Toyokuni mwaka 1844 na akaendelea karibu mpaka alipokufa, mara nyingi ndani ya kisanduku kirefu chekundu chenye ukingo wa njano. Saini ya Toyokuni pamoja na mihuri miwili ya wakaguzi haiwezi kuwa ya yule wa kwanza, hata muuzaji aape vipi. Kwa anayeanza, Kunisada huyu ni rafiki mkubwa: alichora picha nyingi mno, nyingi za waigizaji wa tamthilia ya kabuki, na karatasi moja iliyochapwa vizuri bado inapatikana kwa dola mia moja au mbili. Mimi ningeshauri Kunisada mzuri kabla ya Hiroshige aliyechoka. Watu wengi hufanya kinyume chake, wakaishia na ukuta wenye majina makubwa na rangi zilizokufa.

Nakala, marudio na bandia

Si kila kisicho cha kale ni bandia. Tangu enzi ya Meiji (1868–1912) mafundi wamekuwa wakichonga mbao mpya kufuata picha maarufu na kuchapa kwa njia ileile ya zamani. Taasisi ya Adachi, iliyoanza 1928, bado inafanya kazi hiyo Tokyo. Nakala zao ni nzuri, zinauzwa wazi kama marudio, na kwa anayetaka tu kuona rangi zilivyokuwa siku ya kwanza, ni manunuzi ya busara. Tatizo linaanza pale mtu wa tatu anapokata pambizo yenye jina la mrudiaji, akaichovya karatasi kwenye chai, akaiuza kama ya 1834. Chai inajulikana kwa usawa wake. Karatasi iliyozeeka yenyewe huwa nyeusi zaidi kingoni na pale ilipoguswa na vidole, lakini ya chai ni kahawia sare kuanzia kona hadi kona, mbele na nyuma.

Picha za mashine ndizo rahisi kuzikamata. Kwa kioo cha kukuza mara kumi, matone madogo yaliyopangwa kwa safu yanamaanisha mashine, na mjadala umekwisha. Kuna uchapaji wa zamani wa kipigapicha usio na matone, bali chembechembe kama za ngozi; huo ni mgumu zaidi, hasa mistari ikiwa ya kipigapicha na rangi zikiwa za ubao kweli. Hapo tazama mstari mweusi kwenye kioo: wa ubao una ukingo mkali na wino umejaa, wa kipigapicha una ukingo uliomeguka kidogo. Tochi ya mwanga wa zambarau, ileile ambayo watu wa maduka hutumia kukagua noti, inasaidia pia. Karatasi nyingi za viwandani za baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha weupe, na chini ya tochi hiyo zinawaka buluu. Isipowaka, hujathibitisha ukale. Ikiwaka, umethibitisha kuwa karatasi ni mpya.

Kwa ubao uliochongwa upya kwa ustadi, dawa ni kulinganisha. Pakua picha yenye ubora mkubwa kutoka makumbusho. Boston, katika Museum of Fine Arts, wana chapa za Kijapani makumi ya maelfu, na tovuti ya ukiyo-e.org inatafuta katika makusanyo mengi kwa mpigo. Unaweza hata kupandisha picha ya simu ikakutafutia mwenzake. Chagua sehemu tano ngumu: unywele pale unapokutana na paji la uso, herufi za saini, vidole, pembe za kisanduku, mahali mistari miwili inapokatana. Nakala mbili za ubao mmoja zinalingana kabisa kwenye makutano ya mistari, hata kama moja imechakaa. Mchongaji wa pili, awe hodari namna gani, atapishana na wa kwanza kwa unywele hapa na pale. Usilinganishe rangi kwenye hatua hii. Rangi hubadilika kutoka mkupuo hadi mkupuo, mistari haibadiliki. Kuna tahadhari moja: baadhi ya picha zina toleo halali la pili. Nihonbashi, picha ya kwanza ya mfululizo wa Hiroshige wa njia kuu ya Tokaido, wa 1833–34, ilipata mbao nyingine zenye umati mkubwa zaidi wa watu, nayo ni ya enzi ileile.

Rangi zinazokimbia

Kabla ya miaka ya 1830 buluu nyingi zilitoka kwenye ua la tsuyukusa, na hiyo inageuka rangi ya mchanga hata kwa unyevu tu. Nyekundu ya beni, inayokamuliwa kwenye petali, hukimbia mbele ya mwanga. Rangi ya machungwa yenye risasi huingia weusi kama uliounguzwa. Wengine huipenda hivyo, na sioni ubaya. Nili hustahimili zaidi. Buluu ya Prussia, iliyoanza kutumika kwa wingi karibu na 1830, ni shupavu, na ndiyo iliyowabeba Hokusai na Hiroshige. Picha ya 1790 yenye zambarau mbichi na buluu kali inatakiwa ikutie shaka kabla ya kukufurahisha.

Enzi ya Meiji zikaingia rangi za viwandani kutoka Ulaya, nyekundu na zambarau zinazopiga kelele. Hizo zina tabia mbaya: zikipata maji zinatambaa. Usioshe picha ya Meiji. Kwa kweli usioshe yoyote, lakini ya Meiji ndiyo itakayokuaibisha ndani ya sekunde kumi.

Hasara nyingine zina uzito tofauti. Mkunjo wa katikati, matundu machache ya wadudu na alama za kushonewa albamu ni mambo ya kawaida, bei ishuke kidogo basi. Madoa ya kahawia yaliyotapakaa usoni ni mabaya zaidi. Selotepu ni balaa, kwa sababu gundi yake huingia kwenye nyuzi na haitoki bila fundi wa karatasi. Fremu ya zamani yenye kadibodi ya bei rahisi huacha ukanda wa kahawia kuzunguka picha, ulioungua kwa asidi. Muuzaji akikuonyesha picha iliyo ndani ya fremu, mwombe aitoe kabla ya kulipa.

Wanaopenda karne ya 20 wana hesabu yao. Mchapishaji Watanabe Shozaburo alifufua kazi hii akiwa na wachoraji kama Kawase Hasui, na tetemeko la Septemba 1923 liliteketeza mbao na akiba yake, ndiyo maana chapa za kabla ya hapo ni adimu. Kwa Hasui, muhuri wa Watanabe ndio unaotenganisha zilizochapwa mchoraji akiwa hai (alifariki 1957) na za baadaye: ule wa duara dogo la kama milimita 6 ni wa 1946 hadi 1957. Kwa Yoshida Hiroshi, mchoraji mwingine wa zama hizo, tafuta herufi za jizuri kwenye pambizo ya kushoto, ishara kwamba yeye mwenyewe alisimamia uchapaji, na saini ya penseli chini. Saini ikiwa imegongwa kwa muhuri badala ya penseli, bei ni nyingine kabisa.

Kuzisafirisha na kuziweka pwani

Mwombe muuzaji aitume ikiwa imelala, katikati ya kadibodi mbili za mawimbi, mawimbi ya moja yakikatana na ya nyingine, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Bomba la kukunjia ni sawa kwa mabango. Karatasi ya miaka 160 yenye kibandiko nyuma hupasuka ikikunjuliwa. Kwenye hati iandikwe chapa ya mbao, mwaka, na bei halisi. Wakala wa forodha aanzie kichwa 97.02 cha ushuru. Tangu toleo la 2022 kuna kifungu 9702.10 kwa chapa zenye umri uliozidi miaka 100. Hasui wa 1950 haingii humo, hata umbembeleze wakala.

Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, adui wa kwanza ni hewa. Karatasi inataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ukipita 65 kwa muda, ukungu unaota, na gundi ya wanyama iliyomo kwenye karatasi ni chakula chake. Nunua kipima unyevu kidogo, weka ndani ya sanduku, si ukutani. Sanduku liwe na kifuniko kinachobana, chembe za silika za rangi ya machungwa ndani ya kifuko (zikigeuka kijani zikaushwe kwenye oveni kwa moto mdogo), na kila picha kati ya karatasi mbili zisizo na asidi. Gazeti hapana, lina asidi na wino. Nafthalini hapana, mvuke wake haufai kukaa na rangi. Sanduku lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa nje, kwa sababu huko ndiko unyevu na mchwa wanakoanzia. Lifungue mara moja kwa mwezi, siku kavu, ukipitia picha moja moja kutafuta vumbi jipya la wadudu.

Ukitaka kutundika, picha ishikiliwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, isiguse kioo, na kioo kiwe cha kuzuia miale ya jua. Ukuta usiotazamana na dirisha. Makumbusho hushusha mwanga hadi lux (kipimo cha mwanga) 50 hivi na kuzirudisha picha gizani baada ya miezi michache. Nyumbani, miezi mitatu ukutani kisha sandukuni ni utaratibu unaowezekana. Za beni zikae sandukuni moja kwa moja, ukitaka kuzitazama uzitoe.